Seli Mpya na Friji la Dada Cherehani

Mimi siogopi kitu. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili msomaji ajue anashughulika na nani. Mbwa wa jirani, mtihani wa hesabu, mama yangu akiwa ameshika mwiko: vyote nimevitazama machoni, na vyote vimekuwa vya kwanza kuangalia pembeni. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili najidunga sindano mara nne kwa siku. Zidisha mwenyewe, maana ule mtihani sikusema kwamba niliufaulu.

Kwa hiyo Daktari aliponiuliza kama naogopa kuwekewa seli za maabara ndani ya ini, nilimjibu, "Daktari, mimi na woga hatujawahi kutambulishwa."

Akatabasamu, akaandika jina langu. Mama, aliyekuwa ameketi karibu nami na mkoba wake magotini, alikohoa kidogo. Mama akikohoa hivyo, ana jambo analolijua.

Nina kisukari cha ile aina inayokamata watoto. Siku moja kongosho langu liliacha kazi bila hata kuandika barua, na tangu hapo insulini natoa kwenye chupa. Bila sindano siishi. Mjomba wangu, fundi wa mafriji aliyenichukua kazini kwake nilipomaliza kidato cha nne, aliniita Asali siku ileile niliyotoka hospitali, na jina likaganda.

"Seli shina," Daktari alitueleza, "ni seli ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Inaweza kuwa ngozi, inaweza kuwa moyo. Sisi tunaifundisha maabara kwa wiki kadhaa mpaka iwe ya kutengeneza insulini, halafu tunaipitisha kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini. Ikikubali kukaa, itafanya kazi ambayo kongosho lako liliiacha."

"Kama mimi baada ya kidato cha nne," nikasema. "Nilikuwa sijaamua. Mjomba akanifundisha friji."

"Tofauti ni kwamba hizo seli hazina mdomo," mama akasema.

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu kabla ya kusema jambo zito. Alizipanga. Akasema huu ni utafiti, si tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Kinga ya mwili wangu ingetaka kuziua zile seli, kwa hiyo ningekunywa vidonge vya kuituliza, na kwa sababu hiyo hata mafua yangekuwa na ruhusa ya kunilaza. Tulikuwa watu sita, na tungeingia mmojammoja. Wa kwanza akienda salama, wa pili anafuata. Akiharibikiwa, wote wanasimama.

Wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Dada Cherehani.

Huyu nilimjulia kwenye benchi la kliniki. Mshonaji, miaka thelathini na kitu, vidole vimejaa alama za sindano za aina mbili. Kisukari chake kilikuwa kimemnyang'anya hata kengele ya hatari: sisi wengine sukari ikishuka tunatetemeka na kutoka jasho, yeye hakuwa akisikia chochote. Alikuwa anazimika tu juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Mara moja alishona kidole chake pamoja na kola ya shati la mteja. Wasichana wake wawili walikuwa wamefundishwa kumpaka sukari kwenye fizi kabla ya kufundishwa kusoma.

"Mdogo wangu, wewe usife," aliniambia. "Mimi niko nyuma yako kwenye foleni."

"Nitakushikia nafasi, dada."

"Shika kwa mikono miwili."

Zile seli niliwekewa siku ya Jumatano. Waliniganzisha ubavuni, wakapitisha kimrija, na kilichoingia kilitoka kwenye mfuko kama maji ya dripu. Nilitegemea kusikia kitu kikubwa. Nilisikia njaa. Baada ya hapo, wiki kwa wiki, Daktari akawa anapunguza sindano zangu: yuniti mbili leo, mbili wiki ijayo, huku nikipima sukari na kuandika namba kwenye daftari. Ilipotimia miezi mitatu akaniambia, "Kuanzia Jumatatu, usidunge kabisa."

Mama alishangilia mpaka majirani wakadhani nimeposa. Akatoa chupa zote za insulini kwenye friji la nyumbani, akazifunga kwenye kitambaa safi, akazirudisha kliniki kwa mkono wake.

Jumatatu asubuhi nilipima. Tisa nukta nane.

Daktari alikuwa ameshasema kwamba hata ikigonga kumi nisiwe na wasiwasi, seli zinajifunza. Mimi nilitazama ile namba, ulimi ukakauka.

Hapa inabidi nirekebishe sentensi yangu ya kwanza. Siogopi kitu isipokuwa kiu.

Nikiwa na miaka kumi na sita, niliwatangazia wenzangu bwenini kwamba sindano ni mazoea tu, mwanamume anaweza kuacha akitaka. Niliacha siku tatu. Siku ya pili nilikunywa maji ya bombani mpaka nikatapika, nikanywa tena. Siku ya tatu pumzi yangu ilinuka kama tunda lililooza, na nilikuwa nahema kama mtu anayekimbizwa, ilhali nimelala chali. Nilizindukia wodini. Kwenye kitanda cha jirani alikuwamo kijana wa rika langu, mwenye ugonjwa uleule, naye anahema vilevile. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema. Nikasinzia, na nilipofumbua macho asubuhi, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Shuka limevutwa vizuri, kona zimekunjwa.

Nimefanyia mzaha kila kitu maishani mwangu. Zile kona sijaweza.

Basi Jumatatu ile, karakana ya mjomba ilipopata joto, nikanywa glasi ya maji. Kisha ya pili. Nikajiuliza: kiu hii ni ya jua au ni ya sukari? Saa nne nilimwambia mjomba kwamba nafuata skrubu, nikaenda duka la dawa na cheti changu cha zamani, nikarudi na chupa moja. Niliingia chooni, nikajidunga yuniti sita. Sita tu, za kutuliza roho. Na roho kweli ilitulia, tena kwa kasi iliyonitia aibu.

Shida ilikuwa mahali pa kuificha. Nyumbani mama angeiona. Mfukoni ingepikwa na joto ikaharibika. Hapo ndipo nikajiona nina akili kuliko watu wote wa mtaa.

Mjomba ana utaratibu wake. Friji likishatengenezwa, halirudi kwa mwenyewe siku hiyo. Anaweka glasi ya maji kwenye rafu ya juu, anafunga mlango, anabandika kipande cha selotepu kutoka mlangoni hadi ubavuni, anaandika tarehe juu yake. Hapo linawashwa siku tatu nzima, au zaidi mwenyewe akichelewa, na ni mwiko kulifungua. "Friji ni kama mgonjwa aliyelala," husema. "Ukimfunuafunua shuka hujui kama kapona." Wakati huo pale kulikuwa na friji moja tu lenye selotepu, dogo, jeupe, lenye sumaku ya kipepeo mlangoni. Lilikuwa la Dada Cherehani. Lilikuwa limeacha kugandisha, insulini yake ikawa inalala kwa jirani, nikamwambia lete kwetu nitakutengenezea mwenyewe.

Ile selotepu nilijifunza kuibandua kutoka chini kwa ukucha, taratibu, na kuirudisha bila kasoro. Chupa niliisokota ndani ya kitambaa cha kazi, kile cha rangi ya chungwa, nikaiweka kwenye droo ya mboga. Nani angefungua?

Asubuhi sita. Jioni sita. Siku ya tatu nikaona sita ni chache, nikafanya nane.

Sasa mtu mwenye akili timamu ataona kilichokuwa kinakuja. Seli zilikuwa zimeamka kazini, zinamwaga insulini yao. Na mimi juu yake namimina ya chupa. Sukari ikawa inashuka kama ndoo kisimani. Nikipima naona tatu, naona mbili nukta nane, natafuna biskuti, na daftarini naandika sita nukta moja, kwa mwandiko mzuri. Kutetemeka nilikuona kama woga, na dawa yangu ya woga ilikuwa ipi? Sindano. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mficha dawa hawakuacha maelekezo.

Alhamisi mjomba alinipa bomba la friji la bucha nilichomelee. Nikawasha moto wa gesi, nikashika fimbo ya shaba. Nakumbuka ule ulimi wa bluu ukigawanyika kuwa ndimi mbili, halafu tatu.

"Asali," nilimsikia mjomba akisema kutoka mbali, "huo mkono unacheza ngoma gani?"

Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha. Ninaapa, hilo ndilo nililokuwa natafuta kichwani, neno la kuchekesha, na maneno yote yalikuwa yamehama. Jasho likanijaa machoni. Kisha nikaona miguu ya mjomba, viatu vyake vilivyokatwa visigino, na kando ya viatu ule moto ukiwa sakafuni, unalamba kitambaa cha mafuta, na mtungi wa gesi hatua moja kutoka hapo.

Hakupiga kelele. Alifunga koki ya mtungi kwanza. Akakanyaga moto. Ndipo akanijia, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto asiyetaka uji, akanimiminia soda mdomoni, nusu ikaingia na nusu ikaenda shingoni.

"Kunywa, mpwa wangu. Kunywa. Usilale. Nitazame mimi."

Nilimtazama. Mjomba wangu ana mikono inayoshika vyuma vya moto bila glavu. Ndiyo iliyokuwa imenimwagia soda shingoni.

Nilipopata akili alinipima kwa mashine yangu mwenyewe. Mbili nukta moja, baada ya soda. Alimpigia mama, na mama akampigia Daktari, ambaye alisema tufike kesho asubuhi bila kukosa, na mashine ya kupimia niende nayo. Nikapelekwa nyumbani nikiwa nimeshikwa huku na huku, kama bibi harusi.

Ijumaa tukiwa njiani kwenda kliniki ndipo nikakumbuka. Nikabaki nyuma ya mama hatua kumi, nikampigia mjomba.

"Mjomba, friji la Dada Cherehani liko wapi?"

"Kalichukua jana jioni. Siku zake tatu zilishapita tangu juzi. Kwa nini?"

"Ulilifungua?"

"Nilitoa glasi yangu ya maji. Baridi safi kabisa. Kwa nini, Asali?"

"Basi tu, mjomba. Nilitaka kujua kama limepona."

Nikajifariji: watu wangapi wanafungua droo ya mboga siku ya kwanza? Mtu anaweka kwanza maziwa. Anaweka maji. Mboga mpaka aende sokoni.

Kwenye chumba cha Daktari kalamu zilikuwa zimekwisha kupangwa kabla hatujakaa. Alichukua mashine yangu, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Mimi sikuwa najua kama ile takataka ina kumbukumbu. Namba zangu zote zikapanda kwenye kioo, za kweli, na saa zake. Kisha akafungua daftari langu pembeni.

"Haya hayafanani," alisema.

"Nilikuwa sitaki mama ahangaike."

Mama aliangalia mkoba wake.

"Hilo tutalizungumza," Daktari akasema. "Kilichonitisha mimi si daftari. Ni hizi. Mbili nukta nane. Mbili nukta nne. Jana, mbili nukta moja. Damu uliyotoa wiki iliyopita inaonyesha seli zako ziko hai na zinafanya kazi. Zinafanya kazi vizuri kuliko nilivyothubutu kutegemea. Lakini kama zinamwaga insulini hata sukari ikiwa chini, hazijui kuacha. Seli isiyojua kuacha itakuua ukiwa usingizini."

Chumba kilikuwa na feni ya mezani inayogeuza kichwa. Iligeukia kwangu, ikageukia kwa mama, ikarudi.

"Kuna kipimo kimoja cha kuhakikisha," akaendelea, "lakini damu inapelekwa mbali na majibu ni wiki tatu. Mwili wako haunipi wiki tatu. Nikisimamisha vidonge vya kutuliza kinga leo, mwili wenyewe utaziua hizo seli. Utarudi kwenye sindano kama zamani. Na wengine watano nitalazimika kuwaambia hakuna tena."

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliposikia zitauawa, kitu fulani ndani yangu kilipumua. Nilijiona narudi kwenye chupa yangu na sindano yangu mara nne, bila kulala nikisikiliza koo langu. Kisha nikakumbuka zile seli, zilivyoitikia kazi bila kulalamika. Zilikuwa hazina kosa. Zilikuwa zinajua kuacha. Asiyejua kuacha alikuwa amekaa kwenye kiti.

Ningesema hapo. Mdomo niliufungua kabisa.

Mlango ukagongwa na nesi akamwingiza Dada Cherehani.

"Nimemwita," Daktari akasema, "kwa sababu yeye ndiye anayefuata, na sipendi asikie kwenye korido. Keti, dada."

Dada Cherehani hakuketi. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, la kijani, na mkoba ameubana kwapani. Alinitazama kwa muda nisioupenda. Daktari akamweleza yote, polepole: kushuka kwa sukari, moto wa jana, seli zisizojua kuacha, kusimama kwa utafiti. Alipomaliza, Dada Cherehani alikuwa bado ananitazama mimi.

"Kwa hiyo zamu yangu haipo."

"Samahani sana."

"Kwa sababu seli zinamwaga zenyewe."

"Hakuna maelezo mengine. Labda kama," Daktari akanigeukia, na sauti yake ikawa ndogo, karibu ya kuomba. "Nitakuuliza mara moja, na sitakukasirikia. Tangu ile Jumatatu, umejidunga insulini?"

Nilimwona yule kijana wa wodini. Niliona kona za shuka. Nikaona mama akirudisha zile chupa kwenye kitambaa safi. Watu husema ukweli huponya. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa na kiu.

"Hata tone, Daktari," nikasema.

"Mwanangu ana mizaha mingi," mama akasema, na akaniwekea mkono begani, mzito, wa moto, "lakini kwenye sukari hajawahi kudanganya. Kwa hilo namwekea dhamana."

Feni ikageuza kichwa.

Dada Cherehani akafungua mkoba. Hakuwa na haraka. Alitoa kitu kilichosokotwa kwenye kitambaa cha rangi ya chungwa, na kabla hajakifungua, harufu ya mafuta ya kompresa ilikwisha kufika puani mwangu. Akakifungua mezani, kona kwa kona, kama anayepima kitambaa cha mteja. Chupa ilikuwa imepungua, na mpira wa kizibo una matundu ya sindano. Karatasi ya duka la dawa ilikuwa imegeukia upande wa mama: jina langu, na tarehe ya Jumatatu.

"Asubuhi nilikuwa naweka nyanya," alisema.

Mkono wa mama ulikuwa bado uko begani kwangu. Nilisikia vidole vyake vikiacha kushika, kimoja baada ya kingine, ingawa haukuondoka.

Dada Cherehani akaisogeza ile chupa mpaka ikasimama mbele yangu.

"Rudia, mdogo wangu," akasema. "Ulimwambia Daktari kiasi gani?"